Mbwa Niliyemfundisha Kusimama Tu

Kwedizinga
Jumamosi, baada ya alasiri

Zubeda mwanangu,

Nakuandikia hata kabla hujaondoka kwenda Arusha. Umekwenda na mama yako kumuaga bibi yako, na kwa ninavyomjua bibi yako hamtarudi kabla ya magharibi, kwa hiyo muda ninao. Ningeweza kusubiri nikwambie kwa mdomo, lakini wiki nzima nimejaribu kwa mdomo. Kila nikianza unasema, "Baba, hiyo nimeshaisikia." Kweli umeshaisikia. Ila uliisikia vibaya, na aliyekusimulia vibaya ni mimi.

Sitakuandikia habari za chandarua, wala za chakula, wala za marafiki wa mjini. Hayo mama yako ameyasema mpaka nadhani kuku wameyashika. Mimi nina jambo moja tu, nalo ni mbwa wako Tausi.

Nianze na la jana, kwa sababu najua bado umenuna. Ulimzungusha Tausi pale kwenye shamba lililovunwa, kamba nyembamba shingoni, mwendo wa mchakamchaka kama inavyotakiwa. Sikuona kosa. Ukamleta mbele ya mama yako aliyejifanya jaji wa maonyesho ya mbwa, na upawa mkononi. Hapo Tausi alipaswa asimame miguu minne sawasawa, shingo juu, atulie. Akakaa. Akaweka kitako chini kama mgeni aliyetandikiwa mkeka.

Ukapiga kelele, "Nani kamfundisha huyu kukaa?"

Mama yako akacheka. "Kachoka mwenzio. Hata mimi ningekaa."

"Mama, si mzaha! Mwezi ujao yuko Nairobi mbele ya majaji. Akikaa pale mimi nimekwisha!"

Ukamgeukia mama yako ukamwambia ni yeye, kwamba anampa makombo akiwa amekaa jikoni. Mama yako akaapa. Mimi nilikuwa kando natia mpini kwenye jembe. Nikaendelea kutia mpini.

Ni mimi, Zubeda. Kila siku uliyokwenda Korogwe kufuatilia karatasi za chanjo, nilikuwa namtoa Tausi bandani namfundisha kukaa. Shajara inanishtaki: "Jumatano. Z. kaenda Korogwe. T. kakaa mara tisa katika kumi na mbili." Nilimwandika mbwa kwa herufi moja kama mtu anayeficha barua za mapenzi. Muombe mama yako radhi. Mimi nitamuomba kivyangu.

Sasa unauliza kwa nini sikukwambia waziwazi. Nilikwambia. Mwezi uliopita nilikwambia Tausi ajifunze kukaa, kubaki na kuja akiitwa, sambamba na hayo ya uwanjani, ukaniangalia kama mtu aliyeomba kutia sukari kwenye mchuzi. "Baba, mbwa wa maonyesho hafundishwi kukaa. Ukimfundisha kukaa, atakaa mbele ya jaji. Wewe mwenyewe ndiye uliyesema." Hapo ndipo nilipokwama. Kwa sababu ni kweli, mimi ndiye niliyesema. Nilisema mbele ya wageni, nilisema msibani, nilisema ukiwa umenikalia magotini hujui hata kutamka neno maonyesho. Umebishana na mimi kwa maneno yangu, na ukanishinda. Hakuna kitu kinachochosha kama hicho.

Basi nikusimulie upya habari za yule mbwa Kamanda. Safari hii kama zilivyokuwa.

Nilipomaliza kidato cha nne nilikwenda Ngombezi kutafuta kazi kwenye mkonge. Badala ya kupelekwa shambani nikapelekwa nyumbani kwa meneja, kwa sababu mke wake alitaka mtu anayejua kuandika. Alikuwa na mbwa wanne wekundu wenye ule mstari wa manyoya yaliyogeuka mgongoni, kama alionao Tausi, na alitaka kila siku iandikwe: wamekula nini, wametembea kiasi gani, nani ana kupe. Hapo ndipo nilipoanza kuweka shajara. Watu wa kambini walikuwa wananiita Karani wa Mbwa. Nilipokuja kuoa, bibi yako aliniona kila jioni najisafisha mate ya mbwa mara saba, moja kwa udongo, akamwambia mama yako mbele yangu, "Mwanangu, umeolewa na mtu au na mfinyanzi?" Nilivumilia. Kazi niliipenda.

Mama Meneja alikuwa mtu wa taratibu. Alitaka kila mbwa ajue mambo mawili kwa pamoja: ya uwanjani, na ya kawaida. Ya uwanjani ni kusimama vizuri, kukimbia kwa mwendo mmoja ubavuni mwako, na kukubali kushikwa meno na mtu asiyemjua. Ya kawaida ni kukaa, kulala, kubaki, na kuja. Alisema hayo hayagombani, mbwa ana akili ya kutosha kwa yote. Mimi nikaona anapoteza muda. Nilikuwa nimempata Kamanda angali mdogo, dume zuri kuliko wote, na nilitaka ashinde. Niliona mbwa wengine wakiwa wameshika kukaa, ukichelewa kidogo kumpa mmoja kipande cha ini anakaa mwenyewe ili akupendeze. Nikasema wangu hatakuwa hivyo. Kamanda atajua kusimama tu. Mama Meneja akiuliza, "Kamanda anakaa?" nilimjibu, "Anakaa, Mama." Kwenye daftari lake niliandika anakaa. Hakuwahi kukaa hata siku moja kwa neno langu.

Na kuja je? Hapa ndipo ujinga wangu ulipokuwa wa nyumbani kabisa. Wewe umekulia hapa, unajua. Mbwa wetu wa kufukuza nyani na nguruwe pori kwenye mahindi, nani huwaita kwa mdomo? Mbwa wa Kwedizinga akiitwa kwa mdomo anakimbia, anajua anakwenda kufungwa. Chakula kikiwa tayari tunagonga mfuniko wa sufuria, nao wanakuja hata kama wako ng'ambo ya korongo. Nami Kamanda nilimlea hivyo hivyo. Niligonga mfuniko, alikuja kama mshale. Nikajiambia huyu anakuja. Mama Meneja aliposema, "Mfundishe neno," nikamwona mzungu tu, hajui mambo ya mbwa wa huku.

Tulipokwenda kwenye maonyesho tuliondoka alfajiri, mimi, mbwa wawili, na dereva Mzee Shemdoe, mtu wa Bungu. Mama Meneja alikuwa ametangulia. Tulipopita Mombo tukasimama kando ya lami ili mbwa wajisaidie. Yule mwenzake Kamanda nilimshusha kwa mkanda mpana. Kamanda nilimvisha kamba nyembamba ya uwanjani, nikitaka aizoee. Unaijua kamba ile ilivyo, haina kufuli, inakaa shingoni kwa heshima ya mbwa mwenyewe. Kamanda akainamisha kichwa kunusa, kamba ikamtoka. Hakuwa anakimbia, Zubeda. Alikuwa anatembea tu, anafuata harufu, akaingia lami.

Nikamwita jina. Akageuza sikio moja, akaendelea. Neno la kumrudisha sikuwa nalo. Sufuria ilikuwa Ngombezi. Nikaona lori linatoka kwenye kona, na kinywani mwangu likatoka neno pekee nililowahi kumfundisha. Nikasema, "Kamanda, simama!"

Akasimama.

Alisimama katikati ya barabara, miguu minne sawasawa, shingo juu, mkia umenyooka, akinitazama mimi. Hakuna jaji aliyewahi kumwona akisimama vizuri vile. Dereva wa lori alijaribu. Sitaandika zaidi ya hapo.

Mzee Shemdoe alinisaidia kumfunga kwenye turubai. Nikamuuliza, "Mzee, nitasema nini?"

Akanijibu bila kunitazama, "Mimi nilikuwa naangalia tairi. Sikuona kitu. Utakalosema ndilo."

Nikasema mbwa alikuwa mkaidi siku hiyo. Nikasema nilimwita arudi, akakataa. Usiku nikaandika hivyo kwenye shajara yangu mwenyewe, daftari ambalo hakuna mtu mwingine anayelisoma: "Kamanda hakusikia." Nimedanganya watu wengi maishani kwa mambo madogo, lakini kujidanganya kwa maandishi, kwa mwandiko mzuri, ni hiyo mara moja. Na Mama Meneja aliniamini. Aliniamini kiasi kwamba walipohama nchi alinipa jike moja pamoja na karatasi za ukoo, akisema hajui mtu mwingine wa kumwachia. Jike hilo ndilo bibi yake Tausi. Kazi unayoiendea Arusha kesho imetoka kwenye ule uongo, na mimi nimekuwa nikiupamba miaka yote hii kwa kuwaambia wageni kwamba mbwa wa maonyesho ni wa kusimama. Ningesema vingine, ningelazimika kueleza nimejuaje.

Leo nimelifungua lile daftari. Sikufuta. Nimeandika chini ya mstari ule: "Alisikia."

Unaweza kusema ni ya zamani. Haya, nikupe ya juzi.

Juzi Alhamisi, ukiwa Korogwe, nilimfungulia Tausi nyuma ya nyumba bila kamba, nikaenda mpaka mwisho wa shamba nikamwita. Akaja nusu ya njia. Hapo akasikia bodaboda, akageuka kuifuata. Nikaita mara ya pili, ya tatu, hakuna. Na mimi, mtu mzima, mwenye madaftari kabati zima, nikapiga kelele nikasema nini? Nikasema, "Simama!" Mwanangu, Tausi akasimama katikati ya njia, mzuri kama picha. Kijana wa bodaboda akakwepa mpaka kwenye mihogo, akashusha mguu akanitazama.

"Mzee shikamoo. Huyu ni mbwa au ni sanamu?"

"Ni mbwa."

"Basi mwambie awe anatembea. Mwenzenu nina watoto."

Akaondoka. Nilikaa chini pale pale. Tausi akaja polepole akanilamba sikio. Sikwenda kujisafisha mpaka jua lilipokaribia kuzama.

Kwa hiyo usinione naingilia kazi yako. Najua unamjua Tausi kuliko mimi. Najua pia kwamba nimekuharibia. Nilivyomfundisha kukaa kwa siri nilitumia ile ile kamba yako nyembamba, mahali pale pale unapomzoezea, na ini lile lile. Angejuaje kipi ni kipi? Jana alikuwa anatii, maskini, alikuwa anamtii mtu ambaye hayupo uwanjani. Mama Meneja alinionyesha jambo hili miaka ile, nami nikaandika bila kusikiliza. Mkanda mpana ni wa mambo ya kawaida, na hayo hufanyika nyuma ya jiko, au njiani, au popote penye vurugu. Kamba nyembamba ni ya uwanjani, na ikivaliwa hakuna anayesema kaa. Mbwa anatofautisha kama wewe unavyotofautisha nguo ya shamba na nguo ya Idi. Ukivaa ile ya Idi hakuna anayekukumbusha usikae kwenye tope. Kumsimamisha, mpe ini usawa wa pua na ulivute mbele kidogo. Kumkalisha, lipandishe juu ya pua kuelekea nyuma, kitako kitashuka chenyewe. Ni mikono miwili tofauti na maneno mawili tofauti. Inachukua wiki chache. Mimi nilikosa wiki chache kwa mbwa niliyemlea miaka mitatu.

Na hili la kuita, Zubeda, nisamehe lakini linanitia wazimu. Unamwita Tausi kama mtu anayeita vifaranga. "Njoo, njoo njoo, Tausi, njoo bwana, we Tausi, njoo basi!" Akifika, unamtoa kupe, au unamfungia. Sasa kwa nini aje? Mimi ningekuwa Tausi ningehama. Sema njoo mara moja. Akija mpe kitu kizuri, mwachie aende tena. Ukitaka kumtoa kupe mfuate alipo, usimwite. Neno hilo lisiwahi kumletea baya hata siku moja, kwa sababu siku utakayolihitaji hutakuwa na la pili.

Nikisoma nilichoandika naona nimeanza kufoka. Mama yako angesema, "Baba Zubeda, barua hiyo inasikika mpaka barabarani." Nafoka kwa sababu naogopa. Nilipokuwa na umri wako niliamini kuwa mtu anayejua jambo moja vizuri sana yuko salama. Sikuwa mvivu, mvivu asingemfundisha Kamanda kusimama vile. Nilikuwa na bidii upande mmoja tu. Nakuona na wewe una bidii hiyo hiyo, unaamka kabla ya kuku, unarudia mzunguko mmoja mara ishirini, hukubali kusahihishwa. Najivunia, na inanichosha, kwa sababu najua umeitoa wapi.

Tuje kwenye kesho. Gari litakuja saa moja asubuhi, litapita Korogwe, na litasimama njiani mara tatu au nne kabla ya Arusha. Yule mfugaji wa mbwa aliyekuajiri amekuita wewe pamoja na Tausi. Ukienda peke yako huenda akakunja uso, huenda akasema nafasi ya maonyesho imekupita, na itakuwa kwa sababu ya baba yako. Najua. Nimefikiria kumpigia simu nikubembelezee, nikaona hapana, hiyo ni kazi yako na yeye ni mwajiri wako.

Tausi ni wako. Nilikupa mbele ya mama yako na sikupi tena kwa masharti. Lakini nakuomba, na sijazoea kukuomba, umwache hapa mpaka ajue neno moja la kumrudisha. Mwambie mfugaji ukweli: mbwa hajawa tayari, na aliyemvuruga ni mzee wangu. Nitaje mimi, sijali. Kama ni mtu anayejua mbwa ataelewa. Kama hataelewa, afadhali ulijue hilo juma la kwanza. Nitaanza naye Jumatatu, kwa mkanda wake na mahali pake, na ya uwanjani sitayagusa, nitamtembeza tu usiyakute yameoza. Kila Ijumaa nitakutumia kwa simu picha ya ukurasa wa shajara, jinsi ulivyo, na siku nilizokosea mimi zikiwemo. Akishajua kuja penye bodaboda, nitampandisha gari mwenyewe nimlete.

Ukiamua kumchukua, sitakuzuia wala sitakaa nimenuna mlangoni. Ila kabla ya Arusha asishuke garini, hata kidogo. Akojoe humo humo, nitamlipa dereva kwa kuosha. Na kamba nyembamba iwe ndani ya begi mpaka mfike.

Barua hii naiweka juu ya begi lako sasa hivi, usome leo, tusije tukabishana asubuhi mbele ya dereva. Huna haja ya kunijibu kwa maneno. Nitakuwa bandani tangu alfajiri. Ukija umeshika begi tu, nitaelewa, nitakusindikiza mpaka garini, kisha nitarudi kwake. Ukija umeshika kamba, nitakufungulia mlango, na nitamwambia Tausi kwaheri ya kawaida. Nimejaribu leo kuipanga kwaheri hiyo, nikagundua kwamba neno la kuondoka nalo sijamfundisha.

Baba yako,
akupendaye hata akifoka